Mungu Asiyelaumiwa: Imani na Akili Usukumani

Swali la kuwapo kwa Mungu huulizwa mahali pawili. Darasani huulizwa kwa utulivu: je, ulimwengu una aliyeuumba, na akili ya binadamu yaweza kumthibitisha bila kuletewa habari zake na mtume au kitabu? Msibani huulizwa kwa uchungu: kama yuko, na ni mwema, imekuwaje mtoto huyu afe? Vitabu vingi vya falsafa huanza na swali la darasani, kisha huligusa la msibani kama pingamizi. Katika nchi ya Wasukuma wa mashariki, ambayo leo ni mkoa wa Simiyu wenye makao makuu Bariadi, mambo yalikwenda kinyume. Swali la msibani ndilo lililotangulia, likapata jibu kamili, na jibu hilo ndilo lililoamua jinsi watu walivyomfikiria Mungu.

Simiyu ilitangazwa kuwa mkoa mwaka 2012 kwa kumega maeneo ya Shinyanga na Mwanza. Ina wilaya za Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega. Wakazi wake wengi ni Wasukuma, na wale wa Bariadi hujulikana kama Wantuzu kwa jina la utemi wao wa zamani wa Ntuzu. Upande wa Meatu wako pia Wataturu, Wanyiramba na Wahadzabe. Ni nchi ya pamba, ng'ombe na mvua isiyoaminika, na katika nchi ya namna hiyo habari za Mungu haziwezi kukaa mbali na habari za mawingu.

Wasukuma wa jadi hawakutilia shaka kwamba yuko Mungu mmoja aliye juu ya vyote. Humwita Liwelelo, Likube au Seba, na mara nyingi jua hutajwa pamoja naye. Lakini Mungu huyu hana nyumba ya ibada, hana kuhani, wala hana siku yake. Vibanda vidogo vilivyojengwa uani ni vya masamva, yaani wahenga waliokufa, na ndio wanaopewa pombe, unga na mbuzi. Jina la Mungu laweza kutajwa mwanzoni mwa dua, kisha wahenga wakaitwa mmoja mmoja kwa majina yao. Hakuna anayemkana na hakuna anayemsumbua. Kinachotafutwa katika yote hayo ni mhola: afya, amani, mifugo inayozaa na watoto wanaokua. Ralph Tanner, aliyekuwa ofisa wa serikali ya kikoloni kabla ya kuwa mtafiti, na Frans Wijsen, msomi wa dini Mholanzi, walilifanya wazo hilo la maisha mema kuwa kiini cha kitabu chao cha mwaka 2000 kuhusu dini na jamii Usukumani.

Wahadzabe wa bonde la Eyasi wamekwenda mbali zaidi. Wanazo simulizi za Ishoko, ambaye ni jua, na Haine, ambaye ni mwezi, na wana ngoma takatifu ya epeme inayochezwa usiku usio na mbalamwezi. Hata hivyo hawana mhubiri wala fundisho ambalo mtu huulizwa kama anaamini au haamini. Mfano wao unatosha kuonyesha kwamba mtu anaweza kuishi na mambo matakatifu maisha yake yote bila swali la kuthibitisha kuwapo kwa Mungu kumpitia kichwani.

Itakuwa kosa kudhani kwamba akili haikuwa na kazi katika dini hiyo ya jadi. Ilifanya kazi kubwa, ila haikuelekezwa kwa Mungu. Ilielekezwa kwa binadamu waliodai kujua. Familia yenye mgonjwa ilipokwenda kwa nfumu, yaani mganga, mara nyingi ilimchagua anayekaa mbali, asiyeijua. Nfumu alitakiwa aseme mwenyewe shida iliyowaleta, na akikosea, wageni waliondoka wakatafuta mwingine. Kifaranga kilichotumika kupigia ramli kilitiwa kwanza mate ya mteja, kikachinjwa na kupasuliwa, na alama za mbawa na za matumbo zikasomwa mbele ya watu wote, ili mteja naye azione na kuuliza. Ntemi, yaani mtawala wa jadi, alipimwa vivyo hivyo. Alihesabiwa kuwa mwenye dhamana ya mvua, na ukame ulipozidi angeweza kung'olewa. Mfumo wa utemi ulifutwa kwa sheria mwaka 1963, lakini tabia hiyo ya kumpima mwenye madaraka kwa matokeo ya kazi yake inastahili heshima. Waliofanya hivyo walikuwa watu wanaotaka ushahidi.

Walitaka ushahidi wa nini hasa? Mwingereza E. E. Evans-Pritchard alilieleza jambo hili vizuri mwaka 1937 alipoandika juu ya Wazande, wanaoishi mpakani mwa Sudan Kusini na Kongo. Ghala likianguka na kuua watu waliokaa kivulini mwake, kila Mzande anajua kwamba mchwa walikula nguzo. Anachouliza ni kwa nini lianguke saa ile, juu ya watu wale. Elimu ya mchwa haina jibu la swali hilo, uchawi unalo. Ndivyo ilivyo Usukumani. Mkulima wa Itilima anajua kwamba malaria huletwa na mbu, na bado atauliza ni nani aliyemtuma mbu huyo kwa mwanawe na asimtume kwa mtoto wa jirani.

Majibu ya kawaida ni mawili. Ama wahenga wamesahauliwa na wanadai haki yao, ama kuna mlogi, mtu mwenye wivu aliyedhuru kwa siri. Mungu hayumo katika orodha ya washukiwa. Hapo ndipo penye uzito wa mambo yote haya. Tatizo lililowasumbua wanateolojia kwa karne nyingi, la Mungu mwema na mwenye nguvu anayeacha mabaya yatokee, halikuwahi kuwa tatizo Usukumani, kwa kuwa mabaya yalikuwa na mwenyewe hapa hapa duniani. Mungu alibaki safi, na lawama ikashushwa mpaka mlangoni kwa jirani.

Gharama ya jibu hilo imelipwa na wanawake wazee kuliko mtu mwingine yeyote. Takwimu alizozichambua mtafiti Simeon Mesaki zinaonyesha kwamba kati ya 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,600 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi, wengi wao wanawake, na zaidi ya nusu ya mauaji hayo yalitokea Usukumani. Macho mekundu ya bibi yalichukuliwa kuwa ushahidi. Sababu ya macho hayo inajulikana. Wakati wa ukoloni vichaka na misitu vilifyekwa sehemu kubwa ya Usukuma ili kufukuza mbung'o, ng'ombe wakaongezeka, kuni zikaadimika, na wanawake wakapikia kinyesi cha ng'ombe kilichokauka na mabua ya pamba. Mwanamke aliyepuliza moto wa namna hiyo kwa miaka hamsini hawezi kuwa na macho meupe. Yeyote anayesema kwamba suala la imani na akili ni mazungumzo ya wasomi tu na auangalie moshi huo. Alama ilionekana kweli, ikasomwa vibaya, na mtu akakatwa mapanga.

Dini za kitabu zilipofika, zilileta Mungu wa namna nyingine, anayetawala kila tukio na anayetaka kuaminiwa kwa kinywa. Wakatoliki wa shirika la White Fathers walifika Bukumbi, karibu na Mwanza, mwaka 1883. Waanglikana wa CMS walifungua misheni Nassa, ambayo sasa iko Busega, mwaka 1888, na mwaka 1909 wakaikabidhi kwa Africa Inland Mission, mzazi wa kanisa la AICT lenye waumini wengi leo katika eneo hilo. Uislamu ulikuja na misafara na biashara, ukakaa zaidi mijini.

Dini hizo hazikukubaliana juu ya nafasi ya akili. Kanisa Katoliki lilitangaza katika Mtaguso wa kwanza wa Vatikano, mwaka 1870, kwamba Mungu anaweza kujulikana kwa hakika kwa mwanga wa akili ya binadamu, kwa kuvitazama viumbe vyake. Wamisionari wa Nassa walitoka katika mapokeo yaliyosisitiza Biblia na wongofu wa moyo, na kwao hoja za wanafalsafa hazikuwa njia ya wokovu. Katika madrasa za pwani, ambako Waislamu wengi wa bara walipata mafundisho yao, mtoto alihifadhi sifa 20 za Mwenyezi Mungu, ya kwanza ikiwa kuwapo kwake, na akafundishwa dalili yake ya kiakili: ulimwengu hubadilika, kinachobadilika kina mwanzo, na chenye mwanzo kina aliyekianzisha. Mtoto huyo wa chuoni, kabla hajajua kuandika barua, alikuwa ameshika hoja iliyowashughulisha al-Ghazali huko Mashariki na Thomas Aquinas huko Ulaya.

Hoja za namna hiyo zina nguvu, na hazikuhitaji kuletwa na wageni. Mwanafalsafa Mkenya Henry Odera Oruka alipowahoji wazee wenye hekima kwa ajili ya kitabu chake cha mwaka 1990, Paul Mbuya Akoko wa Waluo alitoa ya kwake. Alisema Mungu lazima awe mmoja kwa watu wote, kwa sababu maumbile yana utaratibu mmoja. Wangekuwa wengi wenye nguvu sawa, wangegombana na ulimwengu ungevurugika, lakini mbwa huzaa mbwa na wala hazai paka. Mzee mwingine, Oruka Rang'inya, alikataa kumfanya Mungu kuwa mtu. Kwake Mungu ni wazo la wema wenyewe, lenye manufaa kwa maisha ya watu. Wazee hao wawili walitoka jamii moja, na walitofautiana kama wanavyotofautiana maprofesa.

Udhaifu wa hoja ya chanzo uko mahali pengine. David Hume, Mskoti wa karne ya 18, aliuliza kwa nini mwanzilishi huyo adhaniwe kuwa mmoja, mwema na mkamilifu, wakati kazi yake ina kasoro tunazoziona. Swali hilo halijafutwa. Hoja ya chanzo ikifanikiwa kabisa, inamfikisha mtu kwa Liwelelo, muumba aliye juu na kimya. Haimfikishi kwa Mungu anayesikia maombi ya mama wa Maswa saa nane za usiku. Kutoka kwa yule hadi kwa huyu ni safari ya imani, na ni uungwana kukiri hivyo bila kujifanya kwamba mantiki inatosha.

Wasomi wa Afrika Mashariki wamebishana juu ya nukta hiyo hiyo. John Mbiti, kasisi Mkenya aliyefundisha Makerere, alishikilia katika kitabu chake cha mwaka 1969 kwamba Waafrika walimjua Mungu aliye mmoja na wa kweli kabla ya kufika kwa wamisionari. Okot p'Bitek wa Uganda alimjibu mwaka uliofuata kwa ukali. Alisema Mbiti na wenzake wameivalisha miungu ya Afrika mavazi ya Kigiriki, wakaipa sifa ambazo wenyeji hawakuzitaja, wakati dini ya Waafrika ilihusu afya na ustawi wa hapa duniani. Kwa ushahidi wa Simiyu, kila mmoja ana sehemu ya haki. Mbiti yuko sahihi kwamba Mungu mmoja alijulikana. P'Bitek yuko sahihi kwamba hakuwa ndiye aliyeshughulisha watu kuanzia asubuhi hadi jioni.

Wakristo na Waislamu wa leo huko Bariadi wamerithi yote mawili. Msibani husemwa, kama kote Uswahilini, kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Maneno hayo hudharauliwa na baadhi ya wasomi kama faraja tupu, lakini yana kazi nzito Usukumani: yanakata mnyororo wa kutafuta mwenye hatia. Anayeyakubali kwa dhati anapoteza maelezo. Hajui tena kwa nini ni mwanawe, na jirani yake mzee analala salama. Kwa hiyo Mungu anayetawala yote analeta fumbo ambalo Liwelelo hakulileta, na kuishi na fumbo hilo ni afadhali mara mia kuliko kuishi na jibu lile la kwanza. Maneno yale yale yana hatari yake pia. Yanaweza kufunika chandarua kilichokosekana, au zahanati isiyo na dawa, na kuyaita makosa ya binadamu mapenzi ya Mungu.

Mpaka kati ya imani na mambo yanayopimika ulijaribiwa mwaka 2011 ng'ambo ya Serengeti, katika kijiji cha Samunge, Loliondo. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapila, alisema Mungu alimwonyesha kwa ndoto dawa ya mti wa mugariga. Maelfu ya watu, wakiwemo viongozi, walikwenda kunywa kikombe kwa shilingi 500, wakitarajia kupona kisukari, saratani na ukimwi. Wako walioacha dawa zao za hospitali. Kwamba Mungu yuko hakuwezi kupimwa maabara. Kwamba virusi vimetoka katika damu kunapimika, na anayetoa dai la pili kwa jina la Mungu hana haki ya kulikimbiza lisipimwe.

Sheria ya nchi imechora mpaka unaofanana na huo. Ibara ya 19 ya Katiba ya 1977 inampa kila mtu uhuru wa dhamiri na imani, na inaweka uendeshaji wa dini nje ya shughuli za serikali. Baada ya sensa ya 1967 Mtanzania haulizwi tena dini yake anapohesabiwa. Anayeamini na asiyeamini hawadaiwi ushahidi wowote. Sheria ya Uchawi, iliyotungwa mwaka 1928, haimlazimu hakimu kuamua kama uchawi upo, ila inamwadhibu anayejidai kuwa nao na anayemtuhumu mwenzake. Na mwaka 1951 Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, katika kesi ya Eria Galikuwa iliyotoka Uganda, iliamua kwamba mtu aliyeua kwa kuamini kuwa anarogwa hawezi kuitumia imani hiyo peke yake, hata iwe ya kweli moyoni mwake, kuwa utetezi wa kukasirishwa.