Haki ya Mwenye Simu Kuukuu

Iwapo wajenzi wa tovuti wanawajibika kuendelea kuvihudumia vivinjari vilivyopitwa na wakati ni suala ambalo aghalabu huachiwa mafundi, nao hulipima kwa gharama ya kazi. Ilhali kwa asili yake ni suala la insafu, kwa kuwa anayefungiwa mlango ni binadamu aliyeshika simu kuukuu, naye hana fedha ya kununua nyingine.

Tangu zama za mwasisi wa wavuti, Tim Berners-Lee, na wenzake huko CERN, Geneva, lugha ya HTML, ambayo kurasa za tovuti huandikwa kwayo, imefuata kanuni ambayo mimi naiona kuwa ya huruma: kivinjari kikikuta alama kisiyoijua, hakiukatai ukurasa, bali huiruka alama hiyo na kuyaonyesha maneno yaliyomo, hata msomaji akakosa madoido lakini asikose habari. Javaskripti, lugha ya kuandikia programu za tovuti, haina subira hiyo. Ikikutana na tamko lisiloeleweka, faili nzima husimama, na tovuti iliyojengwa juu yake pekee humwachia msomaji ukurasa mweupe, usio na hata neno la kumwambia kwamba kosa si lake.

Mwezi wa Novemba 2020 shirika la Let's Encrypt, litoalo bure vyeti vya usalama wa tovuti, lilitangaza kwamba simu za Android zilizotangulia toleo la 7.1.1, takriban thuluthi moja ya simu za Android wakati huo, zingeshindwa mwaka uliofuata kuviamini vyeti vyake. Miezi miwili haikupita ila njia ilipatikana: kwa kuwa simu hizo hazikuijali tarehe ya kwisha kwa cheti cha msingi zilichokihifadhi, IdenTrust, wenye cheti hicho, waliridhia kukitilia sahihi cheti cha Let's Encrypt kwa miaka mitatu zaidi. Basi kumbe yaliwezekana, na aghalabu huwezekana pakiwapo nia.

Benki ina udhuru wa kuvikataa vivinjari vya zamani, nami siupingi, maana kumpitisha mteja katika kivinjari ambacho matundu yake hayazibwi tena ni kuihini amana yake. Lakini matokeo ya mtihani, maelezo ya dawa au tangazo la mahakama ni maandishi ya kusomwa tu, nayo ni haki ya umma. Ayafungiaye ndani ya Javaskripti kwa kupenda madoido amemdhulumu maskini, hata kama hakukusudia. Mjenzi huyo na aizime Javaskripti katika kivinjari chake mwenyewe kabla ya kuikabidhi kazi, atazame ni maneno gani yaliyobaki.