Mimi ni Baba, Si Bomba

Andiko la wiki: Kutoka 15:22-27



Tuliporudi kutoka likizo ya Agosti, wengi mliniuliza pale mlangoni mwa kanisa, "Mchungaji, safari ilikuwaje?" Nami nikawajibu, "Mungu ni mwema." Sikudanganya, lakini sikusema yote. Leo nataka kusema yote, na nasema kwa ruhusa ya kifungua mimba wangu, kwa maana kisa hiki ni chake kama kilivyo changu. Amekisoma kabla ya nyinyi kukisoma.

Tulitoka Msambweni saa kumi na moja alfajiri, watu saba ndani ya gari moja: mimi, mama watoto, watoto wanne, na mama yangu mzazi. Mahamri yalikuwa kwenye beseni, mbaazi kwenye chupa ya moto, madafu chini ya viti. Tulikuwa tunaenda ukweni, Wundanyi, kule juu milima ya Taita. Ni zaidi ya kilomita 200. Tukapita Ukunda na Tiwi, tukaingia barabara ya Dongo Kundu ili tukwepe feri ya Likoni, tukatokea Miritini, tukashika njia ya Voi. Watoto waliimba mapambio mpaka Mazeras. Mtu angetuona angesema, hiyo ndiyo familia ya mtumishi!

Lakini ndani ya gari lile kulikuwa na watu wawili ambao hawakuwa wakizungumza. Mmoja alikuwa mimi.

Mwanangu alimaliza Kidato cha Nne, matokeo yakatoka, hayakuwa yale niliyoyataka. Siku ile nyumbani kulikuwa na wageni. Nilimwambia mbele yao kwamba ameniaibisha. Yeye akanyamaza. Baada ya wiki mbili akaniambia ameanza kujifunza ufundi wa magari kwa fundi mmoja Ukunda. Nikamwambia, "Mtoto wa mchungaji atalala chini ya magari ya watu?" Tangu siku hiyo kati yetu ilikuwa ni shikamoo, marahaba, basi. Miezi saba, wapendwa. Na katika miezi hiyo saba nilihubiri mara tatu juu ya upendo wa Baba.

Alhamisi kabla ya safari alikuja, akasimama mlangoni mwa chumba ninachoandalia mahubiri. "Baba, paipu ya rejeta ina ufa. Ibadilishwe kabla hatujatoka." Sikuinua hata uso. Nikasema, "Mimi nilianza kuendesha gari kabla hujazaliwa." Akaenda zake.

Tatu tu

Sasa tufungue Kutoka 15. Sura hiyo inaanza kwa wimbo. Bahari imegawanyika, Farao amezama, Miriamu ana tari mkononi, wanawake wanacheza. Halafu wanaingia jangwani, wanatembea siku tatu bila maji, na wanapoyapata pale Mara, ni machungu. Hapo hapo wanaanza kumnung'unikia Musa. Siku tatu! Kutoka pambio hadi manung'uniko ni siku tatu tu.

Mimi sikufika hata siku tatu. Baada ya Mariakani kuna mahali panaitwa Maji ya Chumvi. Wenyeji wa zamani hawakutafuta jina la kupendeza, walisema walichoonja. Tangu hapo minazi inakuwa nyuma yako. Unaingia Samburu, unaingia Taru. Kote ni miiba, vumbi jekundu, na mibuyu imesimama mbalimbali. Na kumbuka hiyo bado ni Kwale yetu. Sisi tunaokaa pwani, karibu na mawimbi, husahau kwamba kaunti hii hii ina nyika ambako mama anaamka usiku kutafuta ndoo moja ya maji.

Tulipopita Taru, mshale wa joto ukaanza kupanda. Niliuona. Mama watoto naye akauona. "Baba watoto, simama." Nikasema tutafika Mackinnon Road. Hatukufika. Mvuke ulitoka mbele kama sufuria ya uji iliyosahauliwa jikoni. Gari limechemsha.

Nikashuka kwa hasira, nikafungua boneti, nikapeleka mkono kwenye kifuniko cha rejeta. Hapo mkono mwingine ukanishika kiwiko kwa nguvu. "Baba, usifungue! Itakuchoma uso!" Alikuwa ni yeye. Yule niliyemwambia ameniaibisha ndiye aliyeuokoa uso wangu, na nasema uso wa kweli, wa nyama na ngozi. Anayejua magari anaelewa: rejeta ikichemka, ukiifungua, maji yanaruka kama moto.

Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia, "Kama uliona ufa, kwa nini hukusisitiza?" Eeh. Nilimtupia yeye lawama. Mama yangu, aliyekuwa amekaa kwenye kivuli cha gari, akasema polepole, "Mwanangu, watu huniambia unahubiri vizuri. Na huyu mjukuu wangu, umewahi kumpa nini ila makali?"

Somo la kwanza ni hili. Nyika haileti uchungu, inaufunua. Gari halikuwa na kosa. Kosa lilikuwa la mwenye gari. Jangwa halikuwapa Waisraeli manung'uniko. Walikuwa wameyabeba tangu Misri pamoja na unga wao. Ndugu, wakati mambo yamebana, usiulize tu, "Nani amenifanyia hivi?" Uliza pia, "Ni nini kimetoka ndani yangu?"

Maji yanayopita

Tulikuwa na madafu manne na chupa mbili za maji ya kunywa. Hayo hayatoshi rejeta. Mwanangu akavuka barabara, akafuata kijia hadi kwenye boma lililokuwa mbali kidogo. Akarudi na bibi mmoja mwenye umri wa mama yangu, na mtungi wa lita 20 begani mwa kijana. Mtungi ule bibi alikuwa ameuteka alfajiri, kwenye bwawa, mwendo wa saa nzima. Nilijua bei ya maji yale. Nikatoa pesa. Akaikataa. "Maji hayanyimwi msafiri, baba. Leo ni wewe, kesho ni mwanangu."

Tukiwa tunangoja injini ipoe, bibi akatuambia habari za kiangazi, za mbuzi waliokufa, za wajukuu wanaokwenda shule na chupa tupu. Halafu akaonyesha kwa kidole upande wa barabara. "Maji matamu yanapita hapa. Yanakwenda Mombasa."

Alikuwa anasema juu ya bomba la Mzima. Wengi wenu mnalijua. Huko Tsavo Magharibi kuna chemchemi za Mzima, maji yake ni safi kama kioo, yanatoka kwenye mawe ya Chyulu. Bomba linayachukua karibu kilomita 220, linapita nyika hii yote, hadi Mombasa. Tangu miaka ya hamsini mji umekunywa maji hayo. Bomba lile halina kosa. Liliwekwa lifikishe maji mbali, na linafikisha.

Lakini wapendwa, niliposikia neno lile nilikaa chini kwenye jiwe. Roho Mtakatifu alinishika. Nilijiona mimi mwenyewe. Kila Jumapili maji matamu yanapita ndani yangu, yanakwenda kwa watu. Nimeombea ndoa za Diani, nimepatanisha majirani Gazi, nimekesha na wagonjwa. Na mtoto anayelala chumba cha pili kutoka changu, miezi saba, hana hata kikombe. Maji yanapita juu ya kichwa chake, yanakwenda mjini.

Somo la pili: bomba linaweza kuwa bomba, lakini mimi ni baba. Paulo anamwandikia Timotheo (1 Timotheo 3:4-5) kwamba asiyeweza kuisimamia nyumba yake, atalitunzaje kanisa la Mungu? Na yule mwanamke wa Wimbo Ulio Bora 1:6 analia kwamba aliwekwa alinde mashamba ya mizabibu ya wengine, na la kwake hakulilinda.

Usidhani hili ni la wachungaji peke yao. Wewe unayefanya kazi hotelini pale Diani, mgeni anapata "karibu sana" yako mara mia kwa siku, na tabasamu, na taulo iliyokunjwa vizuri. Ukifika nyumbani, mkeo anapata nini? Mama unayeuza samaki Msambweni, wateja wote wanakuita mcheshi. Binti yako anakuitaje? Ndugu wa bodaboda, unamwuliza abiria, "Umekaa sawa?" Mwanao umemwuliza lini? Hatukatai kazi. Tunauliza tu: bomba lako lina mfereji nyumbani?

Mti ndani ya maji

Pale Mara, Mungu hakuwahamishia Waisraeli kwenye maji mengine papo hapo. Alimwonyesha Musa mti, Musa akautupa ndani ya maji yale yale, yakawa matamu. Maji ni yale yale! Sisi tunajua mti ule unatuelekeza kwa msalaba. Lakini msalaba si wa kuimbiwa tu. Msalaba ukiingia katika nyumba yenye uchungu, mara nyingi unaingia kwa neno moja dogo ambalo wazee na akina baba linatushinda: nimekosa.

Mwanangu alikuwa amelala chini ya gari. Alikuwa amekata ukanda wa tyubu kuukuu ya baiskeli aliyopewa na bibi, anaufunga kwenye ule ufa, anauzungusha na kuukaza, anauzungusha na kuukaza. Mikono yake ilikuwa imejaa mafuta. Ile ndiyo mikono niliyoidharau. Nikainama, nikapiga magoti kwenye vumbi ili anione. Nikasema, na mama yake anasikia, na nyanya yake anasikia, na wadogo zake wanasikia, kwa sababu nilimwaibisha mbele ya watu: "Mwanangu, nimekosa. Uliniambia ukweli, nikakudharau. Siku ya matokeo nilikuumiza mbele ya wageni. Nisamehe."

Ningependa kuwaambia kwamba alitoka akanikumbatia. Hakutoka. Alinyamaza muda mrefu. Halafu akasema, "Baba, washa gari tusikie."

Nikawasha. Akamimina maji ya bibi polepole, akasikiliza, akatazama ile paipu. Haikuvuja. Akafunga boneti kwa viganja vyote viwili, akaingia gari. Safari hii hakukaa nyuma. Alikaa mbele, kando yangu, akiutazama mshale. "Usizidishe themanini, baba." Nami nikatii.

Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann alitoka Rabai mwishoni mwa Aprili, akavuka nyika hii hii kwa miguu, na msafara wake uliongozwa na Bwana Kheri. Tarehe 11 Mei akauona mlima Kilimanjaro. Mtu aliyesoma Ulaya alikubali kumfuata mjuzi wa njia. Mimi nilishindwa kumsikiliza fundi niliyemzaa mwenyewe! Hata Naamani, jemadari, alipona kwa sababu alikubali maneno ya watumishi wake (2 Wafalme 5:13). Mzazi, mtoto akikwambia kuna ufa, angalia ufa.

Elimu karibu na Mara

Baada ya Mara walifika Elimu: chemchemi kumi na mbili, mitende sabini. Sisi tulifika Wundanyi magharibi, kwenye ubaridi na vijito na migomba. Mkwe wangu akauliza, "Mmechelewa, kulikoni?" Nikasema, "Gari liliharibika, na huyu ndiye fundi wetu aliyetufikisha." Nikamwona kijana anaangalia chini, anajaribu kuficha meno.

Siwezi kuwaambia kila kitu kimepona. Miezi saba haifutwi kwa siku moja. Bado kuna siku ananijibu neno moja. Lakini sasa Jumamosi hunipeleka kule gerejini, nakaa kwenye tairi, ananionyesha kazi. Na tuliporudi, tulisimama Voi tukajaza mitungi sita. Yeye mwenyewe aliibeba mpaka mlangoni mwa yule bibi. "Shikamoo bibi, tumerudisha maji." "Marahaba mjukuu wangu. Na baba yako amepoa?" Wapendwa, hakuwa anauliza habari za gari.

Kazi ya wiki hii ni moja. Kabla ya Jumapili, kuna mtu ndani ya nyumba yako unayepaswa kumwambia "nimekosa". Unamjua. Usimtumie ujumbe wa simu. Mwambie kwa mdomo, na kama ulimkosea mbele ya watu, mwambie mbele ya watu. Akinyamaza, mwache anyamaze. Wewe umeutia mti majini. Kuyafanya matamu ni kazi ya Mungu.

Tuombe: Baba wa mbinguni, tusamehe sisi tunaogawa maji nje na kuacha kiu ndani. Tupe goti linalopigwa vumbini. Uwakumbuke ndugu zetu wa Samburu, Taru na Kinango wanaongoja mvua, na utufundishe kutowapita. Katika jina la Yesu. Amina.