Mvua Moja

Mtunzi mwenye kisa kirefu na umri usio na dhamana afanyeje: akimimine chote katika riwaya moja, au akigawe vitabu kadha? Swali hili huchukuliwa kuwa la ufundi, pengine la biashara. Kwa hakika ni swali la amana, kwani kisa kilichokatwa katikati ni deni, na mdai ni msomaji.

Watu wa visiwani wana masika na vuli. Nyanda za Dodoma zina msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili, na Mgogo aliyepanda uwele hana vuli ya kusahihishia makosa. Katika nchi hiyo alizaliwa Mathias Mnyampala, mwaka 1917, mshairi ambaye bara iliwapa watu wa pwani (wasiopenda kukiri wapo hadi leo). Ngonjera zake za UKUTA zilitoka vitabu viwili, 1970 na 1971. Mwenyewe alifariki 1969. Hakukishika hata kimoja.

Msomaji, hata hivyo, hakudhulumiwa. Kila ngonjera ina wabishani wake na suluhu yake. Aliyeshindwa kwa hoja hukubali papo hapo, hangoji kitabu kijacho. Siasa ya Azimio la Arusha imejaa humo hadi kuchosha, lakini hilo shauri jingine. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alishika mwendo huo katika riwaya: tangu Mzimu wa Watu wa Kale, 1960, hadi Kosa la Bwana Msa, 1984, kila fumbo hufumbuliwa ndani ya jalada lake. Anayeendelea ni Bwana Msa, kisa hakiendelei.

Ugumu uko kwa kisa kisichogawika, mathalani ukoo unaoporomoka kwa vizazi vitatu. Wako wasemao nusu ni bora kuliko mswada uliofungiwa sandukuni, na hoja yao si nyepesi: mswada huliwa na mchwa, nusu husomwa. Lakini aliyenunua nusu hakuambiwa kuwa ni nusu. Mtunzi wa kisa cha namna hiyo na aandike riwaya moja, na ikiwa pumzi haitoshi, akiondoe kizazi kimoja. Mara nyingi kitakuwa kile cha babu, ambacho kwa ajili yake alishika kalamu.