Picha za Msafiri

Wahenga walisema, tembea uone. Hawakusema, tembea uonyeshe. Lakini mwanadamu ameumbwa na tabia hii, kwamba akiona jambo jema peke yake moyo wake hautulii mpaka amemshirikisha mwenziwe. Zamani msafiri alirudi na hadithi. Aliketi barazani, akazungukwa na jamaa na majirani, akasimulia habari za Bara Hindi, Arabuni na Ngazija, na waliomsikiliza walisafiri naye bila ya kuondoka walipoketi. Siku hizi msafiri hurudi na picha. Kwa kuwa simu nyingi zina kamera ndani yake, hata mwanafunzi aliyekwenda Mombasa kwa siku tatu aweza kurudi na picha mia mbili.

Katika tabia hii ya kuonyeshana picha umezuka mchezo mmoja unaopendwa na wasafiri wa nchi nyingi. Kila juma hutolewa neno moja: mlango, maji, kivuli, njia, mikono. Kila mshiriki hutafuta miongoni mwa picha za safari zake ile inayolijibu neno hilo kuliko zote, akaileta mbele ya wenziwe pamoja na maelezo machache. Mara nyingi hakuna mshindi wala zawadi. Neno likiwa mlango, mmoja ataleta mlango wa nakshi kutoka mji wa kale wa Lamu, wa pili mlango wa rangi ya buluu kutoka Tunisia, na wa tatu mlango wa zizi la mbuzi katika kijiji cha mlimani. Watu ambao hawajapata kuonana hutambua kwamba wote hufunga usiku na kufungua asubuhi.

Mchezo huu una manufaa, wala haifai kuudharau. Neno hufundisha jicho. Mtu apitaye mjini bila ya kutafuta kitu huona vitu vingi asikumbuke kimoja. Akipewa neno kivuli, ndipo atakapotambua kwamba vichochoro vyembamba vya Lamu si kosa la wajenzi, bali ni hekima yao, kwa kuwa nyumba zilizosogeleana humkinga mpita njia na jua la adhuhuri. Kadhalika picha iliyokuwa imesahauliwa kwa miaka hutolewa, ikatazamwa upya, na mwenyewe akaona ndani yake jambo ambalo siku ile ya safari hakuliona.

Basi shaka iko wapi? Katika mlango hakuna shaka. Mlango hauna haya wala heshima ya kuvunjwa. Shaka huanza neno la juma likiwa uzee, subira, umaskini, furaha au utoto, kwa maana maneno kama hayo ni shida kuyajibu kwa mbao na mawe. Aghalabu hujibiwa kwa nyuso za watu. Hapo ndipo lizukapo swali ambalo kila mwenye kamera yampasa kulijibu: je, ni halali kuuchukua uso wa mtu usiyemjua, ukautumia kujibu neno ambalo yeye hakuulizwa?

Swali hili linakaribia kuwa kongwe kama ufundi wenyewe wa picha. Mwaka wa 1838, mjini Paris, Louis Daguerre alipiga picha ya barabara iitwayo Boulevard du Temple. Chombo chake kilihitaji dakika kadhaa kupokea nuru, kwa hiyo watu na magari ya farasi waliokuwa wakipita hawakuacha hata alama. Barabara ilionekana kama imehamwa. Mtu mmoja alikuwa amesimama akisafishiwa viatu, na kwa kutulia kwake alinaswa, pamoja na umbo hafifu la yule aliyeinama miguuni pake. Wawili hao huhesabiwa kuwa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kuonekana katika picha. Majina yao hayajulikani mpaka leo, na yamkini waliondoka pale bila ya kujua lililotendeka.

Nusu karne baadaye, mwaka wa 1888, George Eastman wa Marekani alianza kuuza kamera ya Kodak yenye nafasi ya picha 100, na kazi iliyokuwa ya mafundi ikaanza kuwa ya kila msafiri. Pwani yetu nayo haikukosa. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 palikuwapo Unguja studio za picha, kama ile ya A. C. Gomes, zilizouza picha za miji na watu. Na picha nyingi za namna hiyo zilisafiri mpaka Ulaya zikiwa kadi za posta. Chini ya kadi mara nyingi paliandikwa kabila la mtu au kazi yake: mwanamke Mswahili, hamali, mwuza maji. Jina lake halikumhusu mnunuzi. Mtu aliyekuwa na mama, na deni dukani, na rafiki wa kutaniana naye jioni, alipunguzwa akawa mfano wa kitu.

Neno la juma laweza kutenda vivyo hivyo leo, hata mikononi mwa mtu mwema. Tuseme neno ni subira. Msafiri anakumbuka kwamba huko Shela alimpiga picha mzee akishona wavu ufukweni. Anaichagua, anaandika chini yake neno Subira, na watu wa miji ya mbali wanaisifu. Lakini nani aliyemwambia kwamba mzee yule alikuwa na subira? Pengine alikuwa akiharakisha ili amalize kabla ya maji kujaa. Pengine alikuwa na hasira kwa sababu wavu ule ulichanwa na chombo cha jirani. Msafiri hakumwuliza, alimwona kwa nukta moja, na kwa nukta hiyo akamvika tabia ya maisha mazima. Huenda tabia aliyomvika ni njema, lakini hata sifa njema, ikiwa haikutokana na ujuzi, ni uzushi.

Liko tukio moja linalolionyesha jambo hili kwa ukubwa wake. Mwaka wa 1984 mpiga picha Mmarekani, Steve McCurry, alimpiga picha msichana Mwafghani katika kambi ya wakimbizi nchini Pakistan. Juni 1985 uso wake ulitokea juu ya jalada la gazeti la National Geographic, na macho yake ya kijani yakajulikana duniani kote. Wengine waliona ndani yake hofu, wengine ujasiri, wengine huzuni ya vita. Kila mtu alilipata neno alilolitaka. Jina la msichana, Sharbat Gula, lilijulikana mwaka wa 2002, alipotafutwa akapatikana, naye amekwisha kuwa mama wa watoto. Kwa muda wote huo hakuwa ameiona picha iliyomfanya mashuhuri. Mamilioni ya watu waliujua uso wake, naye hakujua kwamba unajulikana.

Huenda msomaji akanijibu kwa methali ya kwetu: macho hayana pazia. Mtu akitoka nje ya nyumba yake amekubali kuonwa, na ikiwa ni halali kumtazama, kwa nini iwe haramu kumpiga picha? Jibu hili lina nguvu, lakini linasahau tofauti iliyopo baina ya jicho na kamera. Jicho huona likasahau. Kamera huona ikaweka. Jicho halimwazimi mtu mwingine kilicholiona. Kamera huwagawia watu elfu kwa dakika moja. Tena anayetazamwa kwa jicho naye aweza kumtazama anayemtazama, akamkunjia uso au akatabasamu, na kwa hivyo wakawa sawa. Anayetazamwa katika picha hana la kurudisha. Yeye yupo Shela, na wanaomtazama wako Toronto. Methali ni ya kweli kwa macho. Kamera haikutajwa ndani yake.

Jibu la pili ni zito zaidi. Laiti kila mpiga picha angalingoja ruhusa, dunia ingalikosa kujua mambo mengi yaliyostahili kujulikana. Mfano wetu ni Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi, ambaye Oktoba 1984 alipiga picha za sinema za watu waliokuwa wakifa kwa njaa huko Korem, Ethiopia. Zilipoonyeshwa na BBC, dunia ilishtuka, na misaada mikubwa ikafuata. Nani angethubutu kusema kwamba afadhali angalizima kamera yake? Mimi sithubutu. Lakini tutazame ni kitu gani kilichohalalisha kazi ile. Haja ilikuwa ya wale waliopigwa picha. Uso wao ulisemea njaa yao wenyewe. Katika mchezo wa juma haja ni yetu sisi tunaocheza. Hakuna atakayekufa neno lisipojibiwa. Basi lile ambalo dharura imeliruhusu, burudani haiwezi kulidai kuwa haki yake.

Neno la juma lina mtego wa pili, nao ni kuupinda ukweli ili ulingane na swali. Februari 1982 gazeti hilohilo la National Geographic lilitoa jalada lenye picha ya piramidi za Giza nchini Misri. Picha ya asili ilikuwa pana na jalada lilikuwa jembamba, basi kwa msaada wa mashine piramidi zilisogezwa karibu ili zienee. Mawe yaliyotulia kwa zaidi ya miaka 4,000 yalihamishwa kwa ajili ya ukubwa wa karatasi. Gazeti lililaumiwa, na lilistahili lawama, ingawa hakuna aliyeumia. Leo kazi ile hufanywa na mtoto kwa kidole kimoja juu ya simu: taka huondolewa ufukweni, anga hutiwa wekundu, na mtu aliyesimama mahali pasipotakiwa hufutwa. Anayefanya hivyo kwa mchezo na akasema kwamba amefanya hajamdanganya mtu. Anayenyamaza ametoa ushahidi wa uongo juu ya nchi ya wenyewe.

Sheria nayo imesema neno lake. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 imeongeza ulinzi juu ya habari za mtu, picha yake ikiwamo. Mwaka wa 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja faini ya zaidi ya shilingi milioni nne kwa kutangaza picha za watoto bila ya idhini ya wazazi wao. Lakini sheria ni ukuta wa mwisho tu. Humzuia mtu asidhuru, haimfundishi kuheshimu. Mengi yasiyoweza kushtakiwa mahakamani ni aibu mbele ya watu waungwana.

Kwa vijana wa Kenya jambo hili lina uzito wa pekee. Kwa zaidi ya miaka mia sisi tulikuwa upande wa kutazamwa. Mmaasai alipigwa picha akiruka, Mturkana akichota maji mchangani, mama wa pwani akipita ndani ya buibui, na picha hizo zikaenda kueleza mbele ya wageni sisi ni watu gani. Tulilalamika, na malalamiko yetu yalikuwa ya haki. Sasa kamera imo mikononi mwetu. Mwanafunzi wa Nairobi husafiri kwenda Lodwar au Lamu, na huko yeye ndiye mgeni mwenye chombo. Akiwatenda wenyeji yale aliyochukia kutendwa, ataonyesha kwamba hakuuchukia udhalimu wenyewe, bali aliichukia zamu yake.

Basi msafiri afanyeje? Asitupe kamera yake, wala asiuache mchezo. Akutane na mtu kabla ya kukutana na picha. Aseme, "Shikamoo, mzee. Naomba ruhusa nikupige picha, niwaonyeshe wenzangu kazi yako." Ruhusa ikipatikana, aulize jina, na aulize pia kama jina hilo laweza kutajwa. Ikikataliwa, ashukuru kwa moyo mweupe, maana aliyenyimwa hakuibiwa kitu. Mtoto asipigwe mpaka mzazi amekubali. Na mgonjwa, mfiwa na mwombaji waachwe na staha yao. Kisha, neno la juma likija, ajiulize kama angeweza kuiweka picha ile, pamoja na maneno aliyoyaandika chini yake, mbele ya macho ya mwenyewe, akamsomea bila ya kuona haya. Swali hili moja litamwokoa na makosa mengi.

Atagundua, tena, kwamba adabu haiharibu mchezo. Mzee aliyeulizwa atamwambia kwamba wavu ule aliusuka nduguye, na kwamba samaki wa msimu huu ni haba. Na msafiri atakuwa na maneno ya kweli ya kuandika mahali pa lile moja alilopewa. Huenda picha isifae tena kwa juma la subira. Na ifae kwa juma jingine, au isifae kwa lolote. Imekuwa picha ya mtu fulani, mwenye jina na habari zake, nayo yatosha.

Wenyeji wa pwani husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa desturi hiyo mgeni haji mikono mitupu, wala haondoki na mali ya mwenyeji. Picha iliyosafishwa katika duka la mjini ni ya bei nafuu, na bahasha na stempu si ghali. Msafiri aliyezionyesha picha zake kwa watu mia na akampelekea nakala mmoja, yule aliyemo ndani yake, ameulipa ukarimu kwa ukarimu, na siku atakaporudi katika kijiji kile hatakuwa na sababu ya kuficha kamera yake wala uso wake.