Shehena ni amana, tuiandike

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (SW). Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW).

Ndugu Waislamu, ugomvi wa mizigo bandarini Malindi tunaujua. Mfanyabiashara wa Darajani anafika dukani, anafungua magunia, anakuta mchele umelowa maji ya bahari. Anarudi mbio. Anaulizwa: "Si umetia saini kuwa umepokea salama?" Kweli ametia, bila kusoma. Kinachofuata ni viapo. Huyu Wallahi, yule Wallahi. Mtaji wa watoto umekwenda, na mmoja wao huenda ameapa uongo kwa jina la Mola wake.

Tukiambiwa tuandikiane, tunajibu: "Sisi tunaaminiana bwana." Je, tunaijua dini kuliko aliyeileta? Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana na kuweka mashahidi. Inatukataza kuchoka kuandika, liwe dogo au kubwa. Iliyoruhusiwa kutoandikwa ni biashara ya papo kwa papo, mkono kwa mkono. Mzigo uliopakiwa Dubai ukapokewa Unguja umepita mikono mingapi? Huo si wa papo kwa papo hata kidogo!

Tena Mtume (SAW) ametufundisha kuwa ushahidi ni juu ya mwenye kudai, na kiapo ni juu ya mwenye kukana. Asiye na karatasi amemwachia mwenzake kiapo.

Basi tufanyeje? Kabla ya kutia saini, hesabu na kagua. Kama magunia sita yamelowa, andika hivyo kwenye hati ya kupokelea, na karani wa meli naye atie saini. Piga picha mzigo ukiwa hapo hapo. Usiutupe ulioharibika, mkaguzi auone. Kisha weka pamoja hati ya shehena, ankara ya ununuzi, orodha ya mizigo, risiti ya nauli na hati ya bima kama ipo. Andika barua ya madai yenye tarehe, idadi na thamani, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Wala usingoje. Kanuni za Hamburg za mwaka 1978, ambazo Tanzania ilijiunga nazo mwaka 1979, zinataka taarifa ya maandishi itolewe si zaidi ya siku ya kazi inayofuata kupokea mzigo, kama uharibifu unaonekana. Usioonekana una siku 15, na kesi ina miaka miwili. Hati zinazofuata kanuni za zamani za Hague zina muda mfupi zaidi: siku tatu kwa uharibifu usioonekana, na mwaka mmoja kwa kesi. Salama yako ni kuandika siku ile ile.

Lakini tuogope upande wa pili pia. Yamelowa sita, usiandike kumi. Ulinunua kwa bei hii, usitengeneze ankara ya bei ile. Hiyo ni dhulma, hata kama unayemdai ni tajiri. Nawe karani unayekataa kuandika ulichokiona kwa macho yako, aya hiyo hiyo imemkataza mwandishi kukataa kuandika.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi tuongeze: na udugu hupotea nayo.

Wabillahi tawfiq.