Somo la 9: Rangi, Mila na Vazi la Haki

SABATO ALASIRI

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Hesabu 15:37–41, 1 Wafalme 18:41–45, Isaya 1:18, Hesabu 12:1–15, Zekaria 3:1–5, Ufunuo 3:14–18, Ufunuo 7:9–14.

Fungu la kukariri: 1 Samweli 16:7. Lifungue katika Biblia yako, lisome kwa sauti, kisha ulikariri pamoja na darasa lako.

Kiswahili kina rangi tatu zinazofuata ngeli: nyeupe, nyeusi na nyekundu. Tunasema mtu mweusi, kitambaa cheusi, mawe meusi. Rangi nyingine nyingi tumezipa majina ya vitu: kijani kutokana na majani, kijivu kutokana na jivu, kahawia kutokana na kahawa, zambarau kutokana na tunda la mzambarau. Rangi zile tatu ndizo zilizobebeshwa maana nyingi kuliko zote, katika arusi, matanga, matambiko na hata mahubiri yetu.

Biblia nayo imejaa rangi, tangu upinde wa mvua wa Mwanzo 9 hadi kitani nyeupe ya Ufunuo 19. Hatari ni kuchukua maana iliyotoka katika mila zetu, au katika mila za waliotuletea Injili, na kuisoma ndani ya Neno kana kwamba Mungu ndiye aliyeiweka. Kosa hilo hutufanya tuwahukumu watu ambao Mungu hajawahukumu. Juma hili tutajifunza kutenganisha mambo hayo mawili.

JUMAPILI: Rangi Ni Lugha ya Watu

Soma 1 Wakorintho 9:19–23. Paulo alizichukuliaje desturi za watu aliowahubiria?

Mtu wa Ulaya akifiwa huvaa nyeusi. Katika desturi za Wachina rangi ya msiba ni nyeupe, na bibi arusi huvaa nyekundu. Wahindu wengi nao wamezoea mjane avae nyeupe. Kwa Waakani wa Ghana nyekundu na nyeusi ni rangi za maombolezo, lakini mzee aliyeishi miaka mingi anaweza kuzikwa na watu waliovaa nyeupe, kwa sababu wanashukuru. Pwani yetu bibi arusi hupewa kanga ya kisutu, yenye nyekundu, nyeusi na nyeupe pamoja.

Gauni jeupe la arusi, ambalo wengi wetu tunalidhania kuwa agizo la kanisa, lilienea baada ya Malkia Victoria wa Uingereza kuolewa akiwa amevaa nyeupe mwaka 1840. Kabla ya hapo maharusi wengi wa Ulaya walivaa gauni zuri walilokuwa nalo, la rangi yoyote. Malkia huyohuyo alifiwa na mumewe mwaka 1861, akavaa nyeusi hadi alipokufa mwaka 1901. Desturi hizo zilitufikia pamoja na shule na makanisa.

Hakuna ubaya kuwa na desturi. Ubaya huanza pale mjane anapolazimishwa kuvaa nyeusi mwaka mzima, na akiivua mapema anaambiwa hakumpenda mumewe. Je, tumaini la 1 Wathesalonike 4:13 linapimwa kwa kitambaa?

JUMATATU: Uzi wa Rangi ya Samawi

Soma Hesabu 15:37–41. Uzi wa rangi ya samawi katika pindo za mavazi uliwekwa kwa kusudi gani?

Mungu hakudharau lugha ya rangi. Alipoagiza hema ya kukutania alitaka samawi, zambarau, nyekundu na kitani safi (Kutoka 26:1). Rangi hizo zilikuwa za gharama kubwa. Zambarau ilitokana na konokono wa baharini. Mwaka 1909 mkemia Paul Friedländer alitumia konokono 12,000 akapata gramu 1.4 tu za rangi hiyo. Ndiyo maana zambarau ilivaliwa na wafalme na matajiri (Luka 16:19), na ndiyo maana Lidia wa Thiatira, aliyeiuza, aliweza kuwa na nyumba ya kuwakaribisha mitume (Matendo 16:14, 15).

Angalia sasa kazi ya ule uzi wa samawi. Kila Mwisraeli, hata mchunga mbuzi, aliuvaa. Fungu linasema wautazame, wazikumbuke amri za Bwana na kuzifanya. Uzi haukuwa na nguvu ndani yake. Ulikuwa ukumbusho.

Hapa ndipo tunapotofautiana na mganga. Yeye ana kitambaa chekundu, cheupe na cheusi, na kila kimoja kinadaiwa kuwa na nguvu yake. Mama anafunga uzi mweusi mkononi mwa mtoto ili jicho baya lisimdhuru. Baadhi ya mama hao huketi nasi katika Shule ya Sabato, nao hufanya hivyo kwa hofu, si kwa ukaidi. Tuwafundishe kwa upole kwamba kamba nyekundu ya Rahabu (Yoshua 2:18) haikumwokoa kwa wekundu wake. Kilichomwokoa ni ahadi iliyokuwa nyuma ya kamba, na Mungu aliyeitunza.

JUMANNE: Je, Dhambi Ni Nyeusi?

Soma Isaya 1:18. Dhambi inatajwa kuwa na rangi gani?

Jibu ni nyekundu. Hata hivyo ukiwauliza watoto wa darasa la awali, wengi watasema nyeusi, kwa kuwa ndivyo walivyofundishwa. Mwaka 1866 mhubiri Charles Spurgeon wa London alihubiri juu ya kijitabu kisicho na maneno. Kilikuwa na ukurasa mweusi wa dhambi, mwekundu wa damu ya Kristo, na mweupe wa haki. Baadaye uliongezwa ukurasa wa dhahabu kwa ajili ya mbinguni. Kijitabu hicho kimewaongoza watu wengi kwa Yesu, na hatukidharau.

Lakini fikiri habari za mtoto wa Musoma au Kisii anayeonyeshwa ukurasa mweusi na kuambiwa, "Huu ni moyo wako wenye dhambi," kisha anautazama mkono wake mwenyewe. Anajifunza nini? Nyumbani huenda amesikia kwamba nyeusi ni rangi ya wingu la mvua, na shuleni kwamba nyeusi katika bendera ya Tanzania, Kenya na Uganda inawakilisha watu wenyewe.

Ni kweli kwamba Biblia hutumia giza kuwa mfano wa uovu na hukumu (Yohana 3:19; Yuda 13). Giza ni kukosa nuru. Si rangi ya ngozi wala ya kitambaa. Soma pia 1 Wafalme 18:41–45. Baada ya miaka mitatu na zaidi ya ukame, Eliya aliinama akaomba mara saba, na hatimaye mbingu zikawa nyeusi kwa mawingu. Mkulima yeyote wa Dodoma anaelewa fungu hilo bila mhubiri. Siku ile weusi ulikuwa jibu la maombi.

Walimu wa watoto wanaweza kuifundisha Injili bila kumtia mtoto aibu ya rangi yake. Zekaria 3 inatupa mfano wa nguo chafu na nguo safi. Isaya 1 inatupa nyekundu na theluji. Mifano hiyo ni ya Biblia yenyewe.

JUMATANO: Miriamu na Mwanamke Mkushi

Soma Hesabu 12:1–15. Miriamu na Haruni walianza kumnenea Musa kwa sababu gani? Miriamu alipatwa na nini?

Kushi ilikuwa nchi ya kusini mwa Misri, katika eneo la Sudani ya leo. Biblia haisemi kwamba walimnung'unikia kwa sababu ya rangi ya mkewe, na fungu la 2 linaonyesha kwamba waligombea pia heshima ya kusema kwa niaba ya Mungu. Lakini manung'uniko yao yalianzia kwa mwanamke wa kabila jingine. Ndivyo migogoro mingi ya kanisa inavyoanza. Tunatafuta madaraka, na kabila la mtu linakuwa kisingizio.

Kisha Miriamu akawa mweupe kama theluji, naye ni mgonjwa wa ukoma. Linganisha na Isaya 1:18, ambapo weupe wa theluji ni msamaha. Rangi ni ileile, na maana zake mbili zimeachana kabisa. Yesu naye alitaja makaburi yaliyopakwa chokaa, meupe nje, ndani yamejaa mifupa (Mathayo 23:27). Hata sisi tukisema mtu ni mweupe katika hesabu, tunamaanisha hajui kitu. Basi weupe peke yake hauthibitishi utakatifu, wala weusi hauthibitishi uovu.

Mwanamke wa Wimbo Ulio Bora 1:5 anajitaja kuwa mweusi na mzuri katika sentensi moja. Katika kanisa la Antiokia, lililowatuma Paulo na Barnaba, palikuwa na kiongozi aitwaye Simeoni Nigeri (Matendo 13:1), na jina Nigeri maana yake ni mweusi. Lakini leo dada zetu, na hata kaka zetu, wanajipaka mkorogo ili wapendeze. Vipodozi vyenye zebaki vimepigwa marufuku katika nchi zetu, na zebaki huharibu figo. Mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu (1 Wakorintho 6:19). Kabla ya kumkemea anayejichubua, tujiulize ni nani aliyemfundisha kwamba alivyoumbwa hapendezi.

ALHAMISI: Nani Anastahili Kuvaa Nyeupe?

Soma Ufunuo 3:14–18 na Zekaria 3:1–5. Mavazi meupe yanapatikana wapi, na kwa nani?

Laodikia ulisifika kwa sufu laini nyeusi ya kondoo wake. Yesu hakuikemea kwa sababu ni nyeusi. Alikemea kujitosheleza kwao, kwani walidhani kile walichofuma wenyewe kinatosha. Mavazi meupe anayowashauri wanunue hayafumwi Laodikia. Yanatoka kwake tu.

Jambo hili linagusa makanisa yetu siku za arusi. Mahali pengine binti aliyezaa kabla ya ndoa, hata akiwa ametubu na kurejeshwa kwa utaratibu, haruhusiwi kuvaa gauni jeupe wala shela. Wazee wanaofanya hivyo wanataka kulinda usafi, na nia hiyo tunaiheshimu. Kanisa lina wajibu wa kufundisha vijana wajitunze, na lina utaratibu wake wa nidhamu. Lakini nidhamu ikishakamilika imekamilika. Kitambaa kisigeuzwe kuwa tangazo la dhambi iliyosamehewa, hasa wakati kijana aliyekosa pamoja naye amesimama kando yake na suti yake, na hakuna anayemwuliza lolote.

Yoshua kuhani mkuu alisimama na nguo chafu mbele ya malaika wa Bwana, na Shetani alikuwa hapo kumshitaki. Bwana hakusema abaki na nguo zile ili wengine wajifunze. Aliamuru avuliwe, akavikwa mavazi mazuri. Na wale wa Ufunuo 7:14 walifua mavazi yao katika damu wakayafanya meupe. Mama yeyote anayefua anajua kwamba damu haifanyi nguo kuwa nyeupe. Ni damu ya Mwana-Kondoo pekee inayoweza. Kama nyeupe ni ya wasio na doa, basi mashemasi wetu wa kike wasingeivaa kwenye Meza ya Bwana, na mchungaji asingekuwa na shati.

IJUMAA: Kwa Kujifunza Zaidi

Soma tena Ufunuo 7:9, 10. Yohana aliona watu wa kila taifa, kabila, jamaa na lugha. Aliwatambuaje kuwa ni wa mataifa mbalimbali? Ni dhahiri kwamba tofauti zao hazikufutwa. Vazi ni moja, nyuso ni nyingi. Mungu hakuwafanya wafanane ili wawe wamoja.

Juma hili tumeona kwamba maana nyingi za rangi hutoka kwa watu, na kwamba Mungu huzitumia ili tumwelewe. Lakini yeye hampimi mtu kwazo. Huutazama moyo, na moyo uliotubu huuvika haki ya Mwanawe. Sabato hii unapoingia kanisani, mtazame aliyeketi kando yako kwa jicho hilo.

Maswali ya Kujadili

1. Katika kabila lako nyekundu, nyeusi na nyeupe zina maana gani? Ni maana ipi inayosaidia kuieleza Injili, na ipi inayoizuia?

2. Jirani yako ambaye si Mwadventista amefiwa, na desturi yao ni kuvaa rangi fulani matangani. Utavaa? Mpaka uko wapi kati ya kuomboleza na wanaoomboleza (Warumi 12:15) na kushiriki tambiko?

3. Mama mpya katika darasa lenu amemfunga mtoto uzi mweusi. Nani azungumze naye, na aanze kwa fungu gani?

4. Walimu wa watoto: mnatumia rangi gani kufundisha dhambi na wokovu? Chunguzeni vifaa vyenu kabla ya Sabato ijayo.

5. Baraza la kanisa lenu limeletewa ombi la binti aliyerejeshwa ushirikani, anayetaka kuvaa nyeupe siku ya arusi yake. Jadilini kwa Zekaria 3, mkikumbuka pia kijana atakayemwoa.