Mali ya Mji, Wajibu wa Nani?

Jambo tunalotaka kulitazama juma hili laonekana kavu, kama kwamba ni la mawakili na makarani peke yao. Walakini ndani yake limo swali la dhamiri, linalomhusu kila mtu aliyepata kumkabidhi mwenzake mali aitunze. Baraza la mji likiunda kampuni ili iendeshe kazi fulani kwa niaba ya wananchi, na kampuni ile ikaharibu, hatia ni ya nani? Ya wakurugenzi waliokaa katika bodi? Ya madiwani waliowateua? Au ya wananchi pia, ambao mali ni yao?

Twachukua mfano kutoka nchi ya mbali, New Zealand, kwa kuwa huko sheria ya mambo haya imeandikwa waziwazi kuliko mahali pengi, na yaliyotokea yamechunguzwa hadharani. Sheria yao ya Serikali za Mitaa ya mwaka 2002 yasema hivi: kampuni yoyote ambayo baraza lina nusu ya kura au zaidi, au lina haki ya kuteua nusu ya wakurugenzi au zaidi, hiyo huhesabiwa kuwa chini ya baraza. Kila mwaka bodi yake hutoa hati ya makusudio, ikieleza itafanya nini, kwa vipimo gani, na jinsi itakavyogawa faida. Rasimu hupelekwa barazani mwanzoni mwa Machi, madiwani wakatoa maoni yao, na hati hukamilishwa kabla ya mwaka wa fedha kuanza mwezi wa Julai. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu wa nchi ana mamlaka juu ya vitabu vyake. Baraza limekatazwa kuidhamini kampuni ya biashara katika madeni yake. Lakini uamuzi wa kazi ya kila siku waachwa mikononi mwa bodi, wala diwani hana ruhusa ya kuingia ofisini na kuagiza nguzo ipi ing'olewe na fundi gani aajiriwe.

Umbali huo umewekwa kwa sababu njema. Diwani hutafuta kura, na mtafuta kura hupenda bei ishuke kabla ya uchaguzi, hupenda ndugu wa rafiki yake apate kazi, hupenda bomba lipite mtaani kwake kwanza. Heri basi kazi ya ufundi wapewe wenye ufundi. Hatuna ugomvi na hilo.

Sasa tutazame mji wa Dunedin, kusini mwa nchi ile, wenye watu wapatao 130,000. Tangu mwanzo wa karne ya 20 mji huo ulijipatia umeme wake wenyewe kutoka maporomoko ya Waipori, na wenyeji walijivunia jambo hilo. Kadiri sheria za nchi zilivyobadilika idara ya umeme ya baraza iligeuzwa kuwa kampuni, na mwishowe zikawa mbili: Aurora, yenye kumiliki nguzo na nyaya, na Delta, yenye kuzitengeneza. Zote mbili zilikuwa chini ya kampuni mama ya baraza. Zilikuwa na bodi moja na mkurugenzi mtendaji mmoja. Fikirini, wasomaji wetu: anayeagiza kazi, anayeifanya kazi, na anayekagua kama kazi imefanywa vema, wote wakaa meza moja!

Kampuni hizo zilileta gawio, na gawio lilikuwa tamu. Lilisaidia kuzuia kodi za majengo zisipande mno. Baraza lilipojenga uwanja mkubwa wa michezo wenye paa, uliofunguliwa mwaka 2011, lilitegemea fedha za kampuni zake katika kuulipia. Mwaka ule ule kampuni mama ikasema haiwezi kuendelea kutoa kiasi kilichotazamiwa. Uchunguzi ukafanywa. Wakati huo baadhi ya madiwani walikuwa wamekaa wenyewe katika bodi ya kampuni mama. Waliondolewa, wakawekwa wakurugenzi wasio madiwani. Wengi waliona dawa imepatikana. Mwaka 2014 Mkaguzi Mkuu alitoa taarifa nyingine, juu ya Delta, ambayo miaka ya nyuma ilikuwa imetia fedha katika viwanja vya kujenga nyumba na kupata hasara ya mamilioni ya dola. Jinsi fundi wa nyaya alivyojikuta akifanya biashara ya viwanja, msomaji aweza kujiuliza mwenyewe.

Wakati huo wote nguzo zilikuwa zikizeeka. Nguzo ya mti huoza pale inapoingia ardhini, mahali ambapo mpita njia haoni. Juu yasimama imara, chini imekwisha kuwa unga. Fundi aipandaye yaweka roho yake juu yake, na watoto waendao shule hupita chini ya nyaya zake. Mwaka 2016 mfanyakazi mmoja wa kampuni, aliyekwisha kusema ndani bila kuridhika na majibu, alitoka akasema nje: nguzo nyingi zimepita umri wake na ni hatari. Baraza halikuweza tena kunyamaza. Wachunguzi kutoka nje waliitwa, mkurugenzi mtendaji akaacha kazi, na mwaka 2017 kampuni mbili zikatenganishwa, kila moja na bodi yake. Nguzo nyingi zikabadilishwa mbiombio. Mwezi wa Machi 2020 Mahakama Kuu iliitoza Aurora karibu dola milioni 5 za nchi ile, kwa sababu umeme ulikatika kupita kiasi kinachoruhusiwa, mwaka baada ya mwaka. Na mwaka 2021 tume ya serikali inayosimamia bei iliiruhusu itumie dola milioni 563 katika miaka mitano, kutengeneza mambo yaliyoachwa. Fedha hizo hulipwa na nani? Na wenye kuwasha taa.

Hapa ndipo swali letu linapouma. Madiwani waweza kujibu: Sisi hatukujua, kazi ilikuwa ya bodi, nayo sheria imetukataza kuingilia. Jibu hili lina ukweli, tena halitoshi. Kuna kutojua kwa mtu ambaye hakuwa na njia ya kujua, na huyo hana hatia. Kuna na kutojua kwa mtu aliyeona njia ya kuuliza iko wazi, lakini akahofu jibu. Kwa maana jibu lingemnyima kitu. Baba mmoja amemkabidhi kijana wake ng'ombe. Kila asubuhi aletewa maziwa, ayanywa, ashukuru. Mwaka wapita, miwili yapita, hajaenda zizini hata mara moja kutazama mbavu za ng'ombe wala hajauliza habari za malisho. Siku ng'ombe anapoanguka, baba aweza kusema hakujua? Maziwa aliyajua vizuri sana.

Kwa hiyo twasema kwamba kukabidhi kazi si kuukabidhi wajibu. Kazi yaweza kutoka mkononi mwa mwenye mali, wajibu haumtoki. Na hao wa New Zealand walikuwa na mlango wa kuulizia, yaani ile hati ya makusudio ya kila mwaka. Mezani pale diwani hahitaji kujua ufundi wa nyaya. Yampasa aulize maswali ya mwenye mali tu: Gawio hili latoka katika faida ya kweli, au latoka katika matengenezo yaliyoahirishwa? Nguzo ngapi zimepimwa mwaka huu? Fundi akiona hatari, amwambie nani, na nani atamlinda? Wanaoikosoa hoja yetu watasema kwamba maswali ya namna hiyo ndiyo mwanzo wa madiwani kuingilia. Sivyo. Kuuliza hali ya mali ni haki ya mwenyewe. Kuagiza fundi ashike nyundo vipi ndiko kuingilia.

Tena yafaa kuona kwamba mji ule ulijaribu njia zote mbili. Kwanza madiwani walikaa ndani ya bodi, mambo yakaharibika. Kisha wakatolewa nje, na nguzo zikaendelea kuoza. Watu wa siku hizi hupenda kuamini kwamba ukipanga viti vizuri, haki itakuja yenyewe ikae. Viti vyapangwa, na ni vema vipangwe, walakini anayekaa juu yake ni mtu mwenye dhamiri yake, aweza kuisikiliza au kuifunika. Mfanyakazi yule hakuwa na kiti chochote katika bodi.

Na wananchi je? Hatuwezi kuwapita kana kwamba wao hawamo. Mwenye nyumba wa Dunedin aliyefurahi kuona kodi haipandi sana, naye alikunywa kikombe kidogo cha maziwa yale. Hatia yake ni ndogo kuliko ya diwani, kwa sababu uwezo wake wa kujua ulikuwa mdogo. Lakini alikuwa na kura, na katika kampeni ahadi ya kodi nafuu husikilizwa kwa furaha kuliko habari za nguzo.

Wapo wengine ambao hawakunywa hata tone. Nyaya za Aurora hazikomei Dunedin. Zavuka milima hadi Alexandra, Cromwell na Queenstown. Watu wa huko hawalipigii kura baraza la Dunedin, gawio halikwenda kwa mabaraza yao, na bei zilipopandishwa walipandishiwa nao, hata wakalalamika kwamba mzigo wao ni mzito zaidi. Hapo twaona kwamba wajibu wa mwenye mali haupimwi kwa wapiga kura wake tu. Wampasa pia kwa kila mtu ambaye maisha yake yategemea mali ile, awe na sauti au asiwe nayo.

Mwaka 2024 baraza la Dunedin liliwauliza wananchi kama Aurora iuzwe, fedha zitiwe katika mfuko wa akiba. Sababu za kuuza hazikuwa za kipuuzi: deni lilikuwa kubwa na kazi iliyosalia ni nyingi. Wengi wa waliojibu walikataa, na mwezi wa Septemba madiwani waliamua isiuzwe. Waliokataa walisema mali ile ni yao na ya watoto wao. Kila mwaka, mwezi wa Machi, rasimu ya hati ya makusudio yawekwa tena mbele ya madiwani wao. Watu wa Cromwell nao, wasio na kura katika baraza lile, wangali wakiilipa Aurora kila wawashapo taa.